Bao, Sataranji na Kiolesura: Historia ya Programu Zinazozungumza, Ikitazamwa kutoka Vijiwe vya Tandale

Kata ya Tandale, katika Wilaya ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, imebanwa kati ya Manzese, Sinza, Kijitonyama na Mwananyamala, na ilikua kama vilivyokua vitongoji vingi vya jiji hili, yaani kwa watu kununua vipande vya mashamba kutoka kwa wenyeji na kujenga kabla mpimaji wa serikali hajafika. Miradi ya viwanja na huduma iliyoanza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuboresha makazi ya Manzese, lakini Tandale kwa sehemu kubwa ilibaki na vichochoro vyake, nyumba zake zinazokaribia kugusana mapaa, na soko lake la nafaka ambalo wafanyabiashara wa mahindi, mchele na maharage kutoka mikoani wanalijua kwa jina. Pale ambapo nyumba zimesongamana kiasi hicho, sehemu kubwa ya maisha huendeshwa nje, barazani na vijiweni, na kijiwe cha Dar es Salaam hakikamiliki bila mchezo: bao la kete ambalo wazee hulienzi, drafti inayochezwa kwa vizibo vya soda juu ya ubao uliopigwa rangi, karata zinazochezwa mpaka zinachakaa, na mara chache zaidi sataranji, ambayo vijana wengi hukutana nayo kwanza ndani ya simu.

Historia ya michezo ya ubao na kompyuta imezoeleka kusimuliwa kama historia ya nguvu: lini mashine ilimshinda binadamu, na kwa kukokotoa hatua ngapi kwa sekunde. Ipo historia nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni ya namna ubongo wa mchezo, yaani sehemu ya programu inayofikiri hatua ya kucheza, ulivyounganishwa na uso wake, yaani ubao unaoonekana kwenye kioo na ambao mchezaji anaugusa. Sehemu hii ya pili wataalamu wa Kiswahili huiita kiolesura, na ile ya kwanza wachezaji wa sataranji ya kompyuta huiita injini. Mtu mmoja anayeandika injini yake nyumbani, kwa kompyuta ya mkononi iliyotumika, huweza kuimaliza kwa miezi kadhaa ya juhudi, kisha akakwama mahali ambapo hakupatarajia: injini inafikiri vizuri, kiolesura kinachora vizuri, lakini viwili hivyo havisikilizani. Namna tatizo hilo lilivyotatuliwa kwa sataranji, na namna ambavyo mpaka sasa halijatatuliwa kwa bao, inastahili kuelezwa kwa undani, kwa kuwa inagusa moja kwa moja mustakabali wa mchezo ambao watu wa Pwani wana haki ya kuuita wao.

Bao la Kiswahili huchezwa kwenye ubao wenye safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kwa kete 64 ambazo kwa desturi ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji humiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kete 32. Mchezo haupangwi wote mwanzoni: katika safu ya mbele shimo moja la mraba, linaloitwa nyumba, huwekwa kete 6, mashimo mawili yaliyo upande wake wa kulia huwekwa kete 2 kila moja, na kete 22 zinazobaki hukaa ghalani, mkononi mwa mchezaji, zikiteremshwa moja moja. Awamu hiyo ya kuteremsha kete huitwa namua, na ghala inapokwisha mchezo huingia awamu ya mtaji, ambapo kila mmoja hucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Mashimo ya mwisho ya safu ya mbele, kushoto na kulia, huitwa vichwa, na kichwa pamoja na shimo linalokifuata huitwa kimbi. Kete zinazoliwa kutoka safu ya mbele ya mpinzani hupandwa upande wa aliyekula kuanzia kwenye kichwa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mwendo unaendelea, na ikiangukia shimo tupu mchezaji amelala na zamu inahama. Asiyekuwa na cha kula hutakata, yaani huzungusha kete zake bila kugusa za mwenzake. Anayemmaliza mpinzani safu yote ya mbele ameshinda.

Umri wa mchezo huu katika Pwani hauna haja ya kutiwa chumvi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya karne ya 18 na ya 19, alitunga shairi lijulikanalo kwa jina la Bao Naligwa, jambo linaloonyesha kwamba wakati huo bao lilikuwa limeshazoeleka kiasi cha kutumika kama chombo cha kusemea mambo mengine. Mchezo huu ulihamia bara pamoja na watu, ukafika Malawi kwa jina la bawo, na katika karne ya 20 ukapata mchezaji mashuhuri kuliko wote katika Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mapenzi yake kwa bao yalifahamika kwa waliomtembelea nyumbani kwake Butiama. Kinachoshangaza ni kwamba mchezo wenye istilahi nyingi na kamili kiasi hiki, ambamo kila hali ya ubao ina jina lake, haukuwahi kupata namna moja ya kuandikwa inayokubaliwa na wote. Bingwa wa bao hufundisha kwa mkono na kwa mdomo. Anayetaka kujua mchezo wa jana ulikwendaje hana daftari la kufungua, ana kumbukumbu za waliokuwepo.

Sataranji ilikwenda njia tofauti. Wachezaji wake walianza mapema kuandika hatua kwa herufi na tarakimu, wakizipa safu za wima herufi kutoka a hadi h na safu za mlalo tarakimu kutoka 1 hadi 8, kiasi kwamba hatua ya kumsogeza askari aliye mbele ya mfalme miraba miwili huandikwa e2e4 na kueleweka Moscow, Kampala na Buenos Aires bila mkalimani. Maandishi hayo mafupi yalikusudiwa vitabu na magazeti, lakini ndiyo yaliyokuja kurahisisha mambo pale kompyuta zilipoingia, kwa sababu mashine hazikuhitaji kuonyeshwa ubao. Zilihitaji kuambiwa herufi nne.

Mwanzoni, hata hivyo, hapakuwa na uso wowote. Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, alitunga pamoja na David Champernowne kanuni za programu ya sataranji mwaka 1948, wakati ambapo haikuwepo kompyuta ya kuzitekeleza, na mwaka 1952 alicheza dhidi ya Alick Glennie kwa kuzifuata kanuni hizo mwenyewe kwa karatasi na kalamu, kila hatua ikimchukua takriban nusu saa. Turing alishindwa, ila alikuwa ametenganisha anayefikiri na anayeusogeza mkono. Mtengano huohuo ulionekana mbele ya dunia nzima miaka 45 baadaye, mwezi Mei 1997 mjini New York, pale mashine ya Deep Blue ya kampuni ya IBM ilipomshinda Garry Kasparov kwa pointi 3.5 kwa 2.5: mashine yenyewe haikuwa mezani, bali mmoja wa wahandisi wake alikaa mbele ya bingwa huyo, akasoma hatua kwenye kioo, akaisogeza kete kwa mkono wake, kisha akaiandikia mashine jibu la Kasparov. Kwa miaka mingi binadamu ndiye aliyekuwa kiolesura.

Kilichomwondoa binadamu huyo katikati ni fikra iliyozaliwa mahali pengine kabisa. Katika maabara ya Bell huko Marekani, Doug McIlroy alikuwa akidai kwa muda mrefu kwamba programu ndogo ziweze kuunganishwa, matokeo ya moja yakiingia moja kwa moja katika nyingine kama maji yapitavyo bombani, na mwaka 1973 Ken Thompson aliliingiza jambo hilo katika mfumo wa Unix. Kila programu ikapewa mlango wa kusikilizia na mlango wa kusemea, na haikulazimika kujua kama upande wa pili kuna mtu anayeandika kwa kibodi au kuna programu nyingine. Si bahati nasibu kwamba Thompson huyohuyo, akishirikiana na Joe Condon, ndiye aliyejenga Belle, mashine iliyotwaa ubingwa wa dunia wa sataranji ya kompyuta mwaka 1980. Watu waliojishughulisha na michezo na watu waliojishughulisha na mifumo walikuwa mara nyingi ni walewale.

Programu ya GNU Chess, iliyoanzishwa na Stuart Cracraft mwaka 1984 na kugawiwa bure pamoja na msimbo wake, ilizungumza kwa maandishi matupu. Mtu aliandika hatua, nayo ikaandika jibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chris Sears na Dan Sears waliandika XBoard, ubao wa picha uliokaa mbele ya GNU Chess na kuzungumza nayo kwa mabomba ya Unix, na Tim Mann aliyeipokea kazi hiyo akaiendeleza na kuipeleka katika Windows kwa jina la WinBoard. Hapo ndipo jambo muhimu kuliko yote lilipotokea, nalo halikuwa limepangwa: kwa kuwa mazungumzo kati ya XBoard na GNU Chess yalikuwa mistari ya maandishi ambayo yeyote angeweza kuisoma, watu wengine walitambua kwamba injini yao ikijibu kama GNU Chess inavyojibu, nayo itapata ubao bila wao kuchora hata mraba mmoja. Mazoea ya programu mbili yakageuka kuwa itifaki, yaani mapatano rasmi ya nani anasema nini, kwa maneno gani na kwa mpangilio upi. Itifaki katika jambo hili ni mshenga: haoi wala haozwi, lakini bila yeye nyumba mbili zisizofahamiana haziwezi kufikishiana neno likapokelewa kama lilivyokusudiwa.

Mazoea yaliyogeuzwa kuwa sheria hubeba makovu ya asili yake. XBoard ilizoea kuikatiza injini kwa ishara ya mfumo ambayo programu isiyojiandaa huipokea kama amri ya kufa, hivyo injini nyingi za watu wa nyumbani zilizimika katikati ya mchezo bila waandishi wake kuelewa sababu, mpaka toleo la pili la itifaki lilipoiruhusu injini kutangaza mwanzoni kwamba haitaki ishara hiyo. Mwezi Novemba 2000 Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen, huyu wa pili akiwa mwandishi wa programu maarufu ya Shredder, walitoa itifaki mpya inayofahamika kwa kifupi chake cha UCI, wakaifanya huru kwa kila mtu kuitumia. Ndani ya miaka michache violesura vikubwa vilikuwa vimeikubali, na Stockfish, injini iliyoanza mwaka 2008 kutokana na Glaurung ya Tord Romstad na ambayo imekuwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote duniani, haina ubao wake wowote wa picha mpaka leo. Inazungumza UCI, basi.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi na yanafaa kutazamwa kwa karibu. Kiolesura huifungua injini na kuitumia mstari wenye neno moja, "uci". Injini hutaja jina lake na la mwandishi wake, kisha humaliza kwa "uciok". Kiolesura huuliza "isready", yaani kama injini iko tayari, nayo hujibu "readyok". Kisha huja hali ya mchezo, "position startpos moves e2e4 e7e5", maana yake ubao umeanza katika mpangilio wa kawaida na hatua mbili zimeshachezwa, na baada yake amri ya kufikiri pamoja na saa za wachezaji zikihesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde, "go wtime 300000 btime 300000", yaani kila mmoja amebakiwa na dakika 5. Injini hufikiri, na jibu lake la mwisho ni mstari mmoja, "bestmove g1f3". Uzuri wa muundo huu, ambao waandishi wa programu wachanga hawauoni mara moja, ni kwamba kiolesura hurudia kila safari hatua zote tangu mwanzo wa mchezo, hivyo injini hailazimiki kukumbuka chochote, na mchezaji akirudisha hatua nyuma au akifungua mchezo mwingine hakuna kinachoharibika.

Pamoja na ufupi huo, kosa moja limewasumbua waandishi wa injini tangu mwanzo mpaka leo, nalo ni kosa la bafa. Bafa ni sehemu ya kumbukumbu ambapo programu hukusanya maandishi kabla ya kuyatoa nje, ili isifanye safari nyingi kwa mizigo midogo midogo. Maktaba ya kawaida ya lugha ya C ina tabia mbili: ikigundua kwamba inazungumza na kioo na kibodi cha mtu, hutoa maandishi kila mstari unapokamilika, ikigundua kwamba upande wa pili ni bomba, huyazuia maandishi mpaka bafa ijae. Kwa hiyo mwandishi anayeijaribu injini yake kwa kuandika amri kwa mkono huona kila kitu kinakwenda sawa, neno "uciok" linatokea papo hapo, lakini akiifunga injini hiyohiyo kwenye kiolesura inakaa kimya, kiolesura kinasubiri, injini inaamini imeshajibu, na zote mbili zinaganda. Hakuna kasoro katika hesabu za sataranji, hakuna kasoro katika picha. Jibu limeandikwa na limelala njiani. Tiba yake ni mstari mmoja wa msimbo unaoiamuru bafa imwagwe baada ya kila jibu, lakini anayeutafuta mstari huo bila kujua chanzo anaweza kupoteza wiki nzima akiikagua sehemu ya programu isiyo na kosa. Ugumu wa pili hutokea pale kiolesura kinapotuma "stop", yaani acha kufikiri na utoe ulichonacho: injini iliyoandikwa kufanya jambo moja kwa wakati haiisikii amri hiyo mpaka imalize kufikiri, hivyo ni lazima ijengwe iwe na sikio linalobaki wazi wakati ubongo unafanya kazi.

Mambo hayo yote yalipokuwa yakitengenezwa, Tanzania ilikuwa na historia yake ngumu na kompyuta. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini baada ya mifumo ya hesabu za serikali kuleta hasara na usumbufu, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, marufuku iliyolegezwa kidogo kidogo na kuja kuondolewa katika miaka ya 1990. Kizazi cha vijana wa Ulaya na Marekani kilichojifunza kuprogramu sataranji kwenye kompyuta ndogo za nyumbani miaka ya 1980 hakikuwa na mwenzake Dar es Salaam, na pengo hilo halikutokana na upungufu wa akili za mchezo, ambazo kila baraza lilikuwa nazo tele. Mlango ulipofunguka, mambo yalikwenda kwa kasi: mikahawa ya intaneti ilienea mijini mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi na kuifanya intaneti iwe kitu cha kila siku.

Mradi mmoja wa kipindi hicho unahusiana moja kwa moja na mada hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi ambazo maneno yake yote ya kioo yalikuwa ya Kiswahili. Hakuna aliyelazimika kuandika upya sehemu inayofanya kazi ya kuhesabu au kupanga maandishi. Ilitosha kubadili uso, kwa kuwa waliotengeneza programu hiyo walikuwa wameutenga uso na utendaji tangu awali, na msimbo wake ulikuwa huru kwa yeyote. Wanafunzi na wahadhiri walioifanya kazi hiyo walithibitisha, wakati ambapo wengi walishuku, kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kiolesura kizima kuanzia orodha za amri hadi ujumbe wa makosa.

Tandale yenyewe iliingia katika historia hii mwaka 2011, kupitia mradi wa Ramani Tandale, ambapo wakazi wa kata hiyo pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi, kwa msaada wa Benki ya Dunia na shirika la GroundTruth Initiative lililokuwa limefanya kazi kama hiyo Kibera jijini Nairobi, walipita vichochoro vya kata hiyo wakiwa na vifaa vya GPS na kuweka njia, mifereji, vyoo, visima na maduka yake katika OpenStreetMap, ramani huru ya dunia. Kifaa cha GPS hakichori ramani. Hurekodi orodha ya mahali na saa katika faili la maandishi ambalo muundo wake umekubaliwa na watengenezaji wengi, na programu nyingine kwenye kompyuta ndiyo huisoma orodha hiyo na kuonyesha mistari. Mkazi wa Mtogole au Kwa Tumbo aliyeshika kifaa hicho na mchoraji aliyekaa mbele ya kompyuta walifanya kazi moja bila kulazimika kutumia vifaa vya kampuni moja. Hali ni ileile ya injini na ubao wake, na ilionekana mitaani, kwenye njia ambazo kabla ya hapo hazikuwa katika ramani yoyote ya matumizi ya kila siku.

Kwa kijana wa kitongoji kama hiki anayetaka kuandika injini yake ya sataranji, itifaki ya wazi ina faida ambayo ni rahisi kuidharau. Kuchora ubao unaopendeza, wenye kete zinazosogea na saa inayohesabu, ni kazi kubwa kuliko kuandika injini inayocheza kwa kiasi, na ni kazi inayohitaji ujuzi tofauti. UCI inamwondolea mzigo huo wote. Kompyuta dhaifu iliyonunuliwa kwa mkono wa pili, kihariri cha maandishi na kitafsiri cha lugha ya C au Python, vyote vya bure, vinatosha, na anachokiandika kinaweza kupambanishwa siku hiyohiyo na injini ya mtu wa Ujerumani au India juu ya ubao uleule.

Kwa bao, mlango huo haupo. Haina maana kwamba bao halijachunguzwa. Mholanzi Alexander de Voogt, aliyejifunza kwa mabingwa wa Zanzibar, alikamilisha mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden tasnifu kuhusu ubingwa wa bao, na miongoni mwa aliyoyachunguza ni uwezo wa bingwa kucheza bila kuuona ubao, akipokea na kutoa hatua kwa maneno, uwezo unaodhihirisha kwamba ubongo wa bao unaweza kutengwa na uso wake hata ndani ya mtu. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht walichapisha utafiti kuhusu kuiprogramu bao, na mwaka huohuo John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walimaliza kabisa mchezo wa awari, ndugu wa mbali wa bao kutoka Afrika Magharibi wenye safu 2 tu, kwa kukokotoa hali zake zote zaidi ya bilioni 889 kwenye kompyuta yenye prosesa 144 na kuthibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Zimeandikwa pia programu za bao za kompyuta na za simu. Lakini kila moja imejifungia na ubao wake, kwa njia yake ya kuhifadhi hatua, na hakuna inayoweza kukaa mbele ya nyingine zikachezeshana bila binadamu kusimama katikati, akisoma kioo kimoja na kugusa kingine, kama yule mhandisi wa mwaka 1997.

Sababu moja imo ndani ya mchezo wenyewe. Hatua ya sataranji ina mwanzo na mwisho, na vikijulikana hivyo viwili imejulikana yote. Hatua ya bao hutajwa kwa mwanzo wake, kisha hujiendesha: anayenamua huchagua shimo la kuteremshia kete, na akila mbali na kimbi huchagua kichwa cha kupandia, cha kushoto au cha kulia, akila kwenye kimbi hana hiari, kichwa cha karibu ndicho kinachotumika. Kete ya mwisho ikifika kwenye nyumba yake ambayo bado ina kete za kutosha, na hapo hakuna cha kula, anaamua kama nyumba inasafiri, yaani kete zake zinapandwa, au inabaki, uamuzi unaokuja katikati ya mwendo na ambao haumo katika shimo alilolianzia. Ujumbe wa hatua ya bao kwa hiyo unahitaji mambo matatu, yaani shimo, kichwa na safari, na ya pili na ya tatu huwepo wakati mwingine na wakati mwingine hukosekana. Si mengi, herufi nne za sataranji zinaweza kuyabeba. Kinachohitajika ni watu kukubaliana ni herufi zipi, mashimo yahesabiwe kutoka upande gani, na upande huo uwe wa mchezaji gani, mambo ambayo kila mwandishi wa programu ya bao ameyaamua peke yake.

Sababu nyingine ni ngumu zaidi. Mwaka 2006 Tom Kronenburg, Donkers na de Voogt walichapisha utafiti kuhusu miendo ya bao isiyokwisha, yaani hali za ubao ambamo kete zinazungushwa na kuzungushwa bila kupata shimo tupu la kulalia. Kijiweni mwendo mrefu kupita kiasi humalizwa na watu waliopo, kwa desturi za pale na kwa sauti ya anayeheshimiwa, na mchezo unaendelea. Injini haina wa kumsikiliza: isipowekewa kikomo huzunguka milele, na kiolesura kinachoingoja hakiwezi kutofautisha injini inayofikiri, injini iliyoganda kwa kosa la bafa, na injini iliyonaswa katika mwendo usiolala. Itifaki ya bao ingelazimika kulisema jambo hilo waziwazi, na kulisema ni kuchagua desturi moja miongoni mwa nyingi, kazi ambayo wahandisi wa Ulaya hawana mamlaka nayo na ambayo mabingwa wa Pwani hawajaitwa kuifanya. Programu mbili zilizoandikwa na watu wawili, mmoja Tandale na mwingine Michenzani, Unguja, zingehitaji kuulizana kabla kete ya kwanza haijateremshwa iwapo nyumba yenye kete chini ya sita bado inahesabiwa kuwa nyumba, iwapo kanuni ya kutakatia, yaani ya kulizuia shimo la mpinzani lisichezwe, inatumika na kwa masharti gani, na iwapo mwendo uliozunguka bila kulala unampa ushindi aliyeuanza, unamnyima, au unafutwa na kete kurudishwa zilikokuwa.